Turubai Yangu Haikuvuja

Nabandika karatasi hii mlangoni kwa posho mill, hapa mnaposagia unga, kabla mke wangu Mama Mutua hajawafikia na maneno yake.

Turubai yangu haikuvuja. Hata tone.

Leo kwa kambi ya kanisa hapa Kalamba, mhubiri mgeni alipewa hema. Nikasema turubai ya kutandika chini nachagua mimi. Nani anajua turubai kunishinda?

Mke wangu akaleta ndogo. "Baba Mutua, hii inatosha. Isitokeze nje ya hema."

Nikacheka! Nikatandika ile kubwa ya kuanikia mbaazi. Ikatokeza pande zote, nikainua kingo kwa mawe, vile tunafanya mbaazi isimwagike.

"Mhubiri, pumzika," nikamwambia. "Suti weka hapo chini, itakaa kavu."

Saa nane mchana mvua ikaja.

Jamani! Maji yote ya paa la hema yaliteremka kwa turubai, na mawe yangu yakayashika kama bwawa. Mhubiri akatoka akichuruzika, suti mkononi.

Nikataka kutoa mawe. Akina mama wakanifokea, "Wewe mzee, ngoja kwanza tuchote ya kuoshea sufuria!" Wakajaza mitungi saba.

Nikamgeukia mhubiri. "Unaona? Haivuji."

"Ni kweli, mzee," akasema. "Sasa nipe suruali yako."

Saa hii anahubiri nayo. Mimi naandika nikiwa nimejifunga leso ya Mama Mutua.

Wale mlikuwa hapo, andikeni hapa chini na penseli: ilivuja ama haikuvuja?