Mkwe wa Shaba

Sanamu ya Kaisari, mfalme wa Wajerumani, ililetwa na stima, ikasimikwa katika bustani ya boma pale ufukweni mwa ziwa, kati ya mipapai na vijia vilivyopangwa mawe ya chokaa. Ilikuwa kichwa na kifua tu, shaba tupu, masharubu yamesimama kama pembe za ng'ombe. Amri ikatoka: siku ya kuzaliwa kwake, kila kijiji kije kumwamkia.

Mimi nilikuwa nimehitimu karibuni shule ya walimu ya misheni, nikaitwa kutafsiri, kwa kuwa bwana mkubwa wa boma, Mjerumani, alijua Kiswahili lakini Kinyakyusa hakukijua. Njia nzima, matope hadi magotini, nilijiuliza: tukiiambia shaba "ugonile," ni salamu au ni ibada? Na kama ni ibada, mimi mtafsiri nitamwambia nini mchungaji? Kaka yangu alicheka. "Wewe utakufa kwa kuwaza kabla homa haijakupata."

Tulipopangwa mbele ya sanamu, jumbe wetu alitaka kupendeza. Akatangaza kwa sauti, "Huyu ndiye baba yetu sisi wanaume wote. Sote ni wanawe!" Nikatafsiri. Bwana mkubwa akatabasamu.

Lakini wanawake nao walikuwa wamesikia. Kwetu mke hamtazami baba wa mumewe. Akimwona hugeuka, hujifunika, humpisha njia. Basi wanawake wote wakageuza migongo kwa pamoja, wakachuchumaa, wakajifunika vichwa.

Niliielewa ile migongo kabla ya shaushi, mkuu wa askari, lakini yeye alinishinda kwa ulimi.

"Wanampa Kaisari matako!"

Askari wakaingia kwa viboko na kwa visigino vya viatu. Bibi mmoja aliangukia mdomo kwenye jiwe la chokaa, akainuka bila meno ya mbele. Wengine walishikwa nywele, wakageuzwa, wakamtazama mfalme huku wakilia. Alibaki mmoja tu, shemeji yangu, mke wa kaka. Alikuwa na mimba ya kwanza, na tangu utotoni alifundishwa kwamba mwanamke akimkazia macho mkwe wake, tumbo huharibika. Kiboko kilimpata begani mara mbili. Akajikunja juu ya tumbo lake, hakugeuka.

Nilimkimbilia bwana mkubwa. "Bwana, hii ni heshima. Wamemfanya mkwe wao."

"Heshima kwa mgongo?"

"Ndiyo, bwana. Kwetu ndivyo."

"Mume wa huyu aliyebaki ni nani?"

Kaka alijitokeza mwenyewe.

"Viboko hamsa ishirini. Labda mke atageuka kuangalia."

Askari wakamlaza juu ya pipa chini ya sanamu kwa viboko ishirini na tano, mmoja akamshika mikono, mwingine miguu. Pigo la kwanza liliacha alama nyeupe, kisha ile alama ikafunguka. Baada ya hapo sikuweza kutofautisha ngozi na nguo. Damu ilirukia maua. Kaka alipiga kelele, si za kuomba. "Usigeuke! Mtoto!"

"Anasema nini?" akauliza bwana mkubwa.

"Anamwita Mungu, bwana."

Shemeji alikuwa ametia vidole masikioni, anayumba. Mama yetu akamtambalia kwa magoti, akamtoa vidole masikioni.

"Mwanangu, nani alitoa ng'ombe wa mahari yako?"

"Baba," akasema shemeji, akimaanisha baba yetu.

"Na huyu wa shaba alimpelekea nini baba yako?"

"Hakuna."

"Hata kifaranga! Mtu hatoi kifaranga, halafu awe mkwe? Jumbe ameropoka. Huyu si mkwe wako. Mtazame, mume wako anakufa."

Nyuma yangu mwanamume mmoja alicheka puani, akajifanya anakohoa.

"Huyo bibi anasema nini?" akauliza bwana mkubwa.

Nilikuwa na maneno mengi kinywani, na kila moja lingeweza kumuua mama. "Anamwambia atazame, bwana."

Shemeji akasimama. Akageuka, akafunua kichwa, akamkazia mfalme macho. Askari mwenye kiboko akasita, akamtazama bwana wake.

"Endelea. Hesabu haikatwi."

Basi wakaendelea, naye hakupepesa, wala hakumtazama mumewe, mpaka kaka akaacha kupiga kelele na kiboko kikawa kinatoa mlio wa kupiga matope.

"Sasa ana adabu," alisema bwana mkubwa. "Mwambie."

Nikamwambia shemeji.

Tulimbeba kaka kwa machela ya miti. Alikuwa anapumua, na kila tulipoteleza alitoa sauti ndogo. Shemeji alitembea nyuma yetu, mikono yote miwili tumboni, midomo imekauka.

"Mama," aliita tulipofika mtoni. "Una hakika si mkwe wangu?"

Mama aliukaza mti wa machela begani.

"Tembea, mwanangu."