Kiti Ilisimama na Mimi

Wacha nianze na ile ya aibu tuimalize, juu hata nikiificha mke wangu atawaambia. Pasta alisema tusimame tuombe. Watu wote wakasimama. Mimi pia nikasimama, na kiti ikasimama na mimi.

Ile kiti nyeupe ya plastiki, yenye iko na mikono. Ilikuwa imenishika kiunoni vile mama hushika mtoto kwa soko. Mimi nimeinama mbele kidogo kama kuku inataka kutaga, na miguu ya kiti, yote nne, inaangalia nyuma. Nikafunga macho. Nilifikiria nikifunga yangu na wengine wamefunga. Hakuna mtu alikuwa amefunga.

Na nyuma, pale miguu ya kiti ilikuwa inaangalia, ndio mama mkwe wangu alikuwa amekaa. Hii ilikuwa kwake nyumbani, Kiritiri huko Mbeere. Kama wewe si mtu wa huku wacha nikuelezee. Mkwe sisi tunaita muthoni. Aibu tunaita nthoni. Sikiza hayo maneno vizuri. Wazee wetu hawakuona haja ya kwenda mbali kutafuta neno lingine. Mbele ya mama mkwe hukohoi ovyo, huvui shati, hata jina lake hulitaji. Sasa mimi nilimpelekea makalio yenye imevaa kiti.

Shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, akakuja mbio akashika miguu mbili. Mjomba wao akashika zile zingine. Wakaanza kuvuta.

"Pumua nje," shemeji akaniambia kwa sikio.

"Nimepumua yote."

"Pumua na ya jana."

Kiti ikatoka na sauti ya soda ikifunguliwa. Pasta, Mungu ambariki, akasema amina kabla hajaanza hata kuomba.

Sasa kitu inaniuma si hiyo tu. Kitu inaniuma ni kwamba hiyo siku nilikuwa nimekonda. Ningeenda hapo miezi kadhaa nyuma, wangetafuta fundi wa kuikata hiyo kiti nikiwa ndani, na fundi wa kukata vitu kwa hiyo familia ni mimi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Meru mjini. Mageti, milango, madirisha. Shule niliacha nikiwa fomu ya pili, pale hesabu ilianza kuleta herufi. Kazi yangu ni ya kuchuchumaa, na goti langu lilianza kulia kama mlango haujatiwa mafuta. Nikaenda hospitali juu ya goti. Daktari, msichana mdogo tu, hata hakuangalia goti kwanza. Alinifunga ile kitambaa ya presha kwa mkono, akaangalia, akarudia.

"Baba," akaniambia, "tuko na njia mbili. Punguza mwili kabla urudi kliniki, tuone kama presha itashuka. Isiposhuka nitakuandikia dawa, na hizo ni za kila siku, pengine maisha yako yote."

Nilicheka hapo, lakini nikitoka nje sikucheka. Baba yangu alikuwa mtu wa hizo dawa. Alizimeza siku zenye alizikumbuka. Siku moja hakukumbuka, akaangukia kwa shamba huko Muthara, na kutoka hiyo siku mpaka tumzike alikuwa anatuongelesha na upande mmoja wa mdomo. Na mimi kwa kusahau nimemshinda baba mbali sana. Kwa hivyo hii maneno ninaifanyia mzaha, lakini si mzaha.

Nikaanza. Soda nikaacha. Zile chapati za asubuhi, zenye nilikuwa nakula mbili nikingojea ya tatu, nikaacha. Nikawa natembea kutoka nyumbani Makutano mpaka kwa kibanda changu na kurudi. Mshipi nikaitoboa shimo mpya na msumari, nikaonyesha kila mteja kama ni cheti.

Lakini huku kwetu kukonda ni kazi ingine. Ukinona, watu wanasema unakula peke yako. Ukikonda, wanakuuliza kwa sauti ya chini kama umepimwa. Jirani mmoja aliniletea ndizi za kuchemsha na akaniambia nisikate tamaa. Nilienda Muthara kusalimia mama yangu, akaniangalia juu mpaka chini, akaingia jikoni. Nilimsikia akipenga kamasi. Akarudi na uji ya kujaza ndoo. Sasa wewe niambie utapunguza aje mwili kwa nchi kama hii?

Ndio nikaitwa Kiritiri. Mama mkwe alikuwa amejengewa nyumba mpya na watoto wake na kulikuwa na maombi ya kuifungua. Milango na madirisha nilitengeneza mimi, kwa hivyo sikuwa mgeni wa kukaa nyuma. Na nilikuwa na mpango. Kipande moja ya nyama, kachumbari mingi, maji. Nilimwambia mke wangu huo mpango asubuhi tukivaa viatu. Akasema, "Tutaona."

Mama mkwe haniongeleshi moja kwa moja, ni heshima. Anamtuma mke wangu. Kwa hivyo mke wangu akakuja pale nimekaa.

"Mama anauliza, kwani huko Meru mvua ilikosa?"

Hebu fikiria. Mtu wa Kiritiri, mahali mawingu hupita kama gari imejaa, anakuuliza wewe wa Meru kama kwenu kuna njaa.

"Mwambie niko sawa. Ni daktari alisema."

Akaenda, akarudi. "Mama anasema ndio hiyo ulikuwa unaficha. Kumbe kuna daktari."

Hapo mpango ikaanza kulegea. Shemeji akaleta mbavu za mbuzi kwa ubao. "Muthoni, kula. Hii mbuzi imepanda kila mti hapa Mbeere ikikutafutia mafuta."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Upepo? Kula bwana, mama anaangalia."

Nikakula ndio waone mimi si mgonjwa. Mbavu ikaisha, supu ikakuja. Supu ikaisha, muthokoi ikakuja, yale mahindi ya kutolewa maganda, imechanganywa na ndengu na mafuta ya kung'ara. Mpaka hapo naweza kusema nililazimishwa. Lakini mutura, ile utumbo imejazwa nyama na damu, siwezi kudanganya. Mutura ilikuwa inachomwa nyuma ya nyumba, mbali, na hakuna mtu aliniita. Niliifuata na miguu yangu, na goti mbovu, nikipanda mawe. Wale vijana wa kuchoma wakaniona wakasema, "Fundi amekuja kukagua." Nikakagua yote. Na ile chapati ya mwisho niliichukua kwa sahani ya pasta akisalimia watu. Halafu nikaenda kukaa kwa ile kiti, na haya mengine unajua.

Kurudi nyumbani mke wangu alisema neno moja tu, "Tumeona."

Sasa ungefikiria mtu amepata hiyo aibu yote angeamka Jumapili akunywe chai ya rangi na atulie. Mimi niliamka nikajiambia, si imeshaharibika? Kuna ile methali ya shule, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Ndio peke yake nakumbuka, na hata hiyo naitumia vibaya. Nikaoga kweli. Jumapili nikaoga na wali, Jumatatu nikaoga na chapati, zile zile za asubuhi, na hiyo mara sikungojea ya tatu, niliagiza zote pamoja.

Jumanne nikakasirika na mimi mwenyewe. Nikasema leo hakuna chakula, adhabu. Maji moto na ndimu tu. Saa sita kichwa ilikuwa kwa chapati, na mikono kwa geti ya mtu. Nikaweka hinji, zile bawaba za kufungulia, upande wa kushoto vizuri sana. Halafu nikaweka zingine upande wa kulia. Mwenye geti akakuja akaisukuma. Akaivuta. Akaniangalia.

"Fundi, hii ni geti ama ni ukuta?"

Akaenda akinung'unika. Mimi nikaenda dukani nikakula mkate mzima nikiwa nimesimama hapo kwa kaunta, na parachichi mbili. Muuza duka akaniuliza kama ningependa kuketi. Nikamwambia viti na mimi saa hii hatuongei.

Jumatano nikasema basi nitakimbia. Kukimbia mlima, mtu wa goti. Sitaeleza. Goti ilivimba ikakuwa kama kichwa ya mtoto, na nikiwa nimelala nimeweka mguu juu ya mto, shemeji akapiga simu kutoka Kiritiri.

"Muthoni, mama yuko na kazi yako. Anataka viti za chuma."

"Ngapi?"

"Sita." Nikasikia akijikaza asicheke. "Anasema zisiwe na mikono."

Hapo ndio nilikata shauri. Kliniki ilikuwa Ijumaa na nilisema siendi. Nitaenda aje na hiyo mbuzi yote kwa mwili? Nitapunguza kwanza, hata nikichukua miezi, halafu ndio niende nikiwa mtu wa kuonekana.

Karibu na kibanda changu kuna makanika wa tuktuk. Yeye ndio rafiki yangu. Tulianza darasa la kwanza pamoja Muthara, na shule tuliacha wiki moja, yeye alitangulia kwa siku mbili na mpaka leo anajisifu. Ni mwembamba kama spana na anakula kushinda mimi, na hiyo pia ni kitu Mungu atanieleza. Alhamisi mama wa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akapita na ndoo yake, huyu rafiki yangu akachukua sahani mbili, moja yake, moja yangu.

"Leo ni siku ya kula ama ya kutokula?" akaniuliza. "Juu wewe sasa unahitaji kalenda."

Nikamwambia wacha mzaha. Nikamwambia kliniki siendi, mpaka nikonde.

Akawacha kijiko ikining'inia kwa hewa. "Unataka ukonde kwanza, ndio uende kwa daktari wa kukukondesha?"

"Eeh."

"Hiyo ni kuoga nyumbani ndio usiende mtoni ukiwa mchafu."

"Utaniambia nini wewe na hizo mbavu za baiskeli?"

"Nitakuambia kesho nakupeleka na tuktuk ya mtu, natengeneza breki, lazima niijaribu. Na nitakuambia mzee wako alikuwa anaogopa daktari hivi hivi. Tulimbeba na wewe. Umesahau alikuwa mzito?"

Nilikula githeri, ile sahani moja. Haikuwa tamu, haikuwa mbaya. Ilikuwa githeri. Nikatembea kwenda nyumbani, pole pole, nikichechemea.

Ijumaa nikaingia kwa daktari nikamwambia yote kabla hajaniuliza, kama mtu yuko kwa polisi. Mbavu, supu, muthokoi, mutura, chapati ya pasta, mkate, hata kiti. Kwa kiti aliinama chini ya meza akitafuta kalamu, na kalamu ilikuwa kwa mkono wake.

"Na jana ulikula nini?" akauliza akimaliza kutafuta.

"Githeri."

"Kwa sahani ama kwa sufuria?"

"Sahani, daktari. Moja."

Akanipandisha kwa mizani. Halafu ile kitambaa ya mkono ikanikaza, ikalegea. Mimi nilikuwa naangalia dari na kufikiria mdomo wa baba. Daktari akasema hata kama hiyo mbuzi imerudisha kidogo, niko chini ya vile nilikuja mara ya kwanza, na presha imeshuka, si sana, lakini imeshuka. Akasema dawa tungoje kwanza, nirudi, na siku ya kurudi nisiikose hata nikiwa nimekula ng'ombe. Akasema pia siku akiniandikia, zitakuwa ni za kunisaidia, si adhabu, na atanifundisha kuzikumbuka. Na kukimbia mlima niwachie wenye magoti.

Nilitoka nje ungefikiria ninaruka. Lakini sijui niko aje. Kuingia tu kwa tuktuk nikaanza tena. Ati singekula ile mutura ningekuwa mbali sana. Ati mama mkwe atanionaje mimi na hizo viti zake. Ati ile chapati ya pasta. Nikaongea hayo tu kutoka hospitali mpaka mbele ya vibanda vyetu. Rafiki yangu akazima injini, akageuka.

"Hebu nikuulize. Ile mbuzi ulikula lini?"

"Jumamosi."

"Na leo ni?"

"Ijumaa."

"Hata mbuzi yenyewe ikiwa hai, ilikuwa inalala chini ya mti inacheua, na kabla giza iingie imemaliza. Wewe wiki nzima bado unacheua tu. Shuka, bwana. Kuna mtu anangojea geti yenye inafunguka."