Jenerali Mstaafu na Mlango wa Saba

Saa moja na robo asubuhi, jenerali mstaafu ameshafunga kamba za viatu na kuzifungua mara tatu. Anakaa, anasimama, anachungulia dirishani, anarudi kukaa.

"Baba watoto, tulia basi, unanipa kizunguzungu," mkewe anamwambia huku akimnyoosha kola. "Gari haliji haraka kwa kuchunguliwa."

"Miaka thelathini na nane jeshini nilifundishwa kila kitu isipokuwa kukaa," anajibu.

Ana umri wa miaka sitini na saba. Aliingia kambini akiwa kuruta wa kumenya viazi, akapanda cheo hadi kukabidhiwa kikosi cha kulinda amani ugenini: askari elfu nne kutoka mataifa tisa.

Huko ndiko usingizi ulikomtoroka. Miaka tisa iliyopita, hospitali ndogo yenye wagonjwa mia mbili ilizingirwa na waasi. Wahandisi wa jeshi waliomba saa mbili waikague barabara ya mkato. Yeye, kamanda wao, akatazama saa, akasema msafara wa uokoaji uondoke.

Gari la kwanza lilikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Askari saba walikufa palepale. Msafara wa pili ulipita njia ndefu na kuwatoa wagonjwa wote wakiwa hai.

"Mimi nikavishwa nishani," anasema, akikwepa macho ya mwandishi wa makala hii. "Wazazi wao wakapata barua imeandikwa 'ajali'. Sahihi ni yangu."

Tangu astaafu, amekuwa akizunguka nyumba za wale saba kusema ukweli. Sita zimempokea, nyingine kwa machozi, moja kwa matusi. Ya saba ni ya fundi cherehani, mama wa dereva wa gari lile. Mara mbili amemrudishia mlango usoni.

Honi inalia nje. Ni sajini mstaafu, aliyekuwa msaidizi wake. "Afande, na leo akitufukuza?"

"Twende."

Safari hii mlango unafunguliwa. Mama haachi kushona. Jenerali anasimama kwa kuwa hakuambiwa akae.

"Nani alichagua ile njia?" mama anauliza.

"Mimi, mama."

"Ulionywa?"

"Niliambiwa nisubiri saa mbili. Sikusubiri."

Cherehani inanyamaza. Sajini anaangalia sakafu. Mama anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena.

"Miaka tisa nimemlaumu mwanangu," anasema hatimaye. "Nilidhani aliendesha vibaya. Nilimsema vibaya hata mbele ya mkewe. Ungeniambia mapema, ningekuchukia nikamaliza. Sasa ndiyo kwanza naanza."

"Nichukie, mama. Yeye aliendesha vizuri."

Hapo ndipo mama anapolia. Jenerali ananyoosha mkono, kisha anaurudisha.

Wanapoaga, mama anasema bila kumtazama: "Njoo Jumamosi. Mkwe wangu atakuwepo. Uyarudie hayo hayo mbele yake."

Garini, jenerali hajui mikono aiweke wapi. Anasema ameyaandikia makao makuu ya jeshi kuomba neno "ajali" lifutwe katika majalada yote saba, hata kama hilo litamgharimu nishani. Bado hajajibiwa.

"Wasipojibu, nitakwenda mwenyewe," anasema. "Lakini kwanza Jumamosi. Yule binti ana haki ya kujua mumewe alikuwa dereva wa namna gani."