Ndege Isiyo na Magurudumu

“Inatua vipi?” Bibi aliniuliza hivyo, na hapo ndipo kazi yangu ilipoharibika.

Leo fundi viatu wa mtaani kwetu, Wadi Kabir, amefungua kopo la gundi, na harufu yake imenirudisha utotoni, kwenye zulia la Bibi. Nilikuwa naunda kwa kadibodi ndege niliyoiona jaridani: ndogo, nyeusi, inabebwa chini ya bawa la ndege kubwa, kisha inaachiwa angani ili roketi iisukume kwa kasi ya kuishinda risasi. Kesho yake kulikuwa na maonyesho ya skuli, nami niliitaka iwe sawasawa na picha.

“Haina magurudumu,” alisema ami yangu.

“Pichani hayamo, ami.”

“Picha haitui. Nipe gundi.”

“Mpe,” alisema Bibi. “Nani atapanda kitu kisichoshuka?”

“Haipandwi, Bibi. Haina rubani.”

“Ndo maana. Angekuwamo mtu, angedai magurudumu.”

Ami akang’oa magurudumu ya kigari kibovu, moja jekundu, akayabandika. Mwalimu akanipa zawadi, na alichosifu ni magurudumu. Sikusema na Bibi wala ami mpaka Ijumaa.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipojua kwamba ndege ile haikuundwa itue. Ilipomaliza safari yake iliachwa iangukie baharini, na hakuna aliyekwenda kuichukua.