Namna nilipima pikipiki mbili ya safari na bunga ya bukari

Bakubwa ya humu, jambo yenu. Na bale bangali badogo lakini banaandikaka kama bakubwa, jambo yenu pia.

Miye niko mama ya Lubumbashi, commune ya Kenya (ni mutaa, haiko ile inchi), kambo, ni kusema bibi, ya bajukuu tisa. Masomo yangu iliisha mu mwaka ya tatu ya primaire. Nikikosea kuandika, usinisahihishe, soma tu. Ile nitasema hapa ilinifikia miye mwenyewe, na mwenye hasadiki akuye ku soko ya Kenya aulize ba mama ba samaki. Bote balikuwako.

Nilisoma mabishano yenu yote juu ya pikipiki kubwa ya safari. Hii iko na nguvu, ile inakunywa mafuta kidogo, hii taa yake iko kama ya ndege. Kurasa na kurasa.

Hakuna hata muntu moja aliuliza mwenye kuikala nyuma. Munazani nyuma munafungaka mizigo tu?

Sasa sikilizeni.

Dada yangu mukubwa, Yaya Léonie, iko ku Likasi. Macho yake inazimika. Siku moja alinipigia simu akasema: "Hortense, kuya upesi. Nataka nikuone uso ningali naona. Kisha utabakia sauti tu, na sauti yako njo kitu sikupendaka."

Likasi haiko mbali. Muntu ya kawaida anapanda bus asubui, muchana anakula kule. Lakini miye bus inanikatala. Gari yote ya kufungwa inanikatala.

Safari ya mwisho, hatukufika hata ku njia ya Luano, nikatapikia mu kofia ya shemasi ya parokia yetu. Aliitoa juu ya joto, akaiweka pa magoti. Miye nilizani ananipa.

Lakini mupepo ikinipiga mu uso, sitapike hata kidogo. Hata juu ya camion, lori ya makala, nilisafiri muzuri nikiwa kijana.

Njo pale mutoto yangu Mado akaleta akili. Bwana yake, Célestin, ni déclarant ku Kasumbalesa, anapitishaka makaratasi ya ba camion pa douane, forodha ya mupaka. Kila juma anaenda, anarudi. Alikuwa anatafuta pikipiki kubwa ya safari, ya kupita pembeni ya ile mustari ya camion isiyoishaka.

Mado akasema: "Mama, akinunua, jumamosi moja anakupeleka kwa Yaya Léonie."

"Mado, uko mugonjwa?"

Bale basiojua desturi ya siye Baluba, nitaeleza. Mama na mukwe yake banaogopana. Haiko chuki, ni heshima. Tangu Célestin alioa Mado, miaka kumi na mbili, hatukupeana mukono. Hatukukula meza moja. Akiniona mu njia, anaingia mu duka ya karibu, hata kama ni duka ya nguo ya ndani ya ba mama.

Tukiwa na neno, Mado njo anaibeba. Mado asipokuwako, tunaongea na bata. Célestin anasimama pa mulango, anasema: "Weye bata, ambia mama kama mvua inakuya, aanue nguo." Miye najibu: "Bata, muambie nilisikia, siko kiziwi."

Ile bata inajua siri ya jamaa yetu kupita padri.

Sasa muntu ya namna ile, nipande nyuma yake, nimukumbatie tumbo mpaka Likasi? Afazali nitapike.

Mado hakuachaka kitu akikikamata. "Mama, ya safari haiko kama ya ba wewa." Ba wewa ni bale banabebaka bantu na pikipiki mu ville, munafinyana kama kapenta, bale dagaa, mu mufuko. "Ya safari siti yake iko murefu, kuko na bintu ya kushika. Kuya utazame tu."

Nikaenda kutazama tu.

Muuzishaji alikuwa Papa Dieudonné, karibu na soko. Muntu ya Kasaï, alisoma, Français yake inakuya imevaa kravati. Akatoa pikipiki mbili inje. Majina ya bale balizitengeneza sitataja, nitaita moja Nyekundu, moja Kijivu.

Nyekundu: tanki kubwa, kioo kubwa mbele, sanduku tatu, na ile ya nyuma iko na muto ya kuegemeza mugongo. Lakini siti inainama mbele kama paa ya nyumba.

Kijivu: siti ya nyuma iko juu kupita ya mbele, kama kiti ya askofu. Chuma nono pembeni, ya kushika. Lakini hakuna ya kuegemeza mugongo, na urefu! Nilipandia pa kreti ya bia.

Tena zote mbili ziko na sanduku ku mbavu. Mama ya kitenge hawezi kuikala upande, miguu itaenda wapi? Ule alitengeneza ile mashine hana mama? Nikarudi nyumba, nikavaa pantalon ya kazi ya marehemu bwana yangu, ya chemin de fer, kazi ya reli, chini ya kitenge. Ilinienea. Alikuwa munene.

Nilipofika tena, Papa Dieudonné akasema: "Maman, pas de problème. Passager anashika conducteur pa kiuno, voilà."

Mado akafunika uso. Célestin akageuka kuangalia ukuta.

Nikasema: "Papa, conducteur, mwenye kuendesha, ni mukwe yangu."

Kitambaa ya mafuta ikamuanguka mu mukono. Kwabo ku Kasaï, ile haya banaijua kama siye, pengine kutupita. "Belle-mère? Na mukwe? Pa siti moja?"

Kutoka pale aliacha kuuzisha, akakuwa kama munganga. Akatwaa metre, akapima kati ya mugongo ya mbele na tumbo ya nyuma. Nyekundu: bidole bine. Kijivu: bidole saba. Akaandika pa karatasi.

Nikamuambia ile kipimo haisaidie. Pikipiki haiko kitanda. Itatembea, itafunga freni, pale njo tutajua nani alimugusa nani.

Njo nikapata akili ya bunga.

Célestin alivaa koti nyeusi ya ngozi. Nikakamata bunga ya bukari, ile ugali yetu, kwa mama ya pembeni, nikaipakaa kifua yangu yote, toka shingo mpaka kiuno. Nikaambia Mado amuambie: azunguke soko mara moja, afunge freni mara tatu, na nguvu, bila huruma. Tukirudi, koti itasema.

Ba wewa bakaacha ba client.

"Kambo, banakukaanga leo?"

"Muweke na chumvi!"

"Weye kijana," nikasema, "mama yako njo anakaangwa." Mungu anisamehe, simujue mama yake.

Tulianza na Nyekundu. Mikono ku sanduku ya nyuma, mugongo pa muto, nikaegama mbali na Célestin kama muntu anakatala kubusiwa. Kona ya kwanza, yeye anainama kushoto, miye nainama kuume. Pikipiki ikatingizika kama mulevi. Freni ya kwanza, nikateleza. Freni ya pili, nikateleza tena na nikasema neno sitaandika humu. Ya tatu sikumbuke, nilifunga macho.

Koti ilirudi nyeupe toka mabega mpaka mukanda. Célestin alikuwa kama fundi ya kupakaa chokaa. Ba wewa bakapiga honi.

Akaangalia taa ya mbele, akasema: "Weye pikipiki, ambia mama anisamehe."

Nikaambia kioo ya pembeni: "Muambie haiko kosa yake, ni ya siti."

Bakamupangusa. Nikapakaa bunga ingine, tukapanda Kijivu. Pale juu, bakubwa, niliona Kenya yote: paa, kanisa, vichwa ya bantu bote. Nikakamata ile chuma mpaka mikono ikauma. Freni ya kwanza, nikabakia. Ya pili, nikabakia. Ya tatu, nikabakia, nilizani.

Tukashuka. Koti iko safi. Ila alama moja chini ya bega ya kushoto, ukubwa ya kidole gumba.

Papa Dieudonné akasema: "Ile ni mupepo."

Mama moja ya samaki akaacha meza yake, akasogea. "Papa, miye nilinyonyesha batoto saba. Ile haiko mupepo. Ile ni ziwa."

Mwenzake akavaa miwani, akainama, akatazama koti, akanitazama miye. "Ya kushoto," akasema.

Nilitafuta shimo ya kuingia. Célestin alikuwa aliisha kuingia mu duka ya jirani, na koti yake.

Basi Kijivu ilishinda. Lakini nilikuwa namuona Célestin alipotoka. Alikuwa anaweka mukono pa tanki ya Nyekundu polepole, kama muntu anapima mutoto homa. Ile tanki ingemupeleka Kasumbalesa na kumurudisha bila kusimama. Ile kioo ingemukinga na vumbi ya camion. Kijivu iko na tanki kidogo, na kifua ya conducteur iko inje. Bata ilibakia nyumba. Angesema na nani?

Nikamuambia Mado: "Muambie akamate Nyekundu. Ni pikipiki ya kazi yake. Miye nitabakia."

"Na Yaya Léonie?"

"Atanisikia mu simu."

Nikaenda nyumba na bunga yangu pa kifua. Sikulia. Bunga iliniingia mu macho.

Kesho yake Yaya akapiga. Aliniambia ile asubui alimusalimia jirani, akamuuliza habari ya batoto, jirani hakujibu. Akasogea kumugombeza. Ilikuwa muti ya papai.

Yeye alicheka. Miye sikucheka.

Mado akanikuta niko naikala tu, simu mu mukono. Akasema: "Mama, kuko mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi ya Célestin."

Kwetu ile haya iko na mulango ya kutokea. Mukwe analeta mbuzi, mama anaipokea, banakula sahani moja, inaisha. Lakini mukwe hawezi kuomba. Mama njo anasema: leta. Na miye sikusema hata siku moja. Kusema kweli, nilipendaka namna Célestin ananikimbia. Mu kanisa ba mama benzangu banaonaka, banasema, Hortense banamuheshimia.

"Mama, alitafuta mbuzi mu mwaka ya pili ya ndoa," Mado akasema. "Ile ilikufa na buzee. Ya pili baliiba. Hii njo ya tatu, na meno inaanza kuanguka."

Mbuzi tatu! Na miye naenda kujipakaa bunga mbele ya soko nzima.

"Muambie alete," nikasema. "Mbele haiyaisha meno."

Jumapili kisha misa tukaikala meza moja, Célestin mbele yangu, bukari katikati. Alichota upesi, sombe ya majani ya muhogo ikamumwangikia pa shati. Nikamupatia kipande ya maini. Akapokea na mikono mbili. Akakula. Mado akalia kama muntu ya matanga.

Célestin akainua kichwa, akaniangalia mu macho. Mara ya kwanza mu miaka kumi na mbili. Nikangoja neno kubwa.

"Mama, ku kona unainamaka upande mubaya. Ilibakia kidogo tuanguke ku soko."

"Ile njo ulikuwa unaniwekea miaka yote?"

"Hapana, mama. Kuko ingine. Unapigaka kelele mu sikio."

"Nitapiga tena."

"Ndiyo, mama."

Akanunua Nyekundu. Ndiyo, ile ilishindwa. Siti kuinama haikuwa tena neno. Niliteleza mpaka pa mugongo yake, nikabakia pale, nikamukamata kiuno na mikono mbili, nikafunga bidole mbele ya tumbo yake. Yeye akiinama kushoto, naangalia kushoto juu ya bega yake. Akiinama kuume, naenda naye. Yeye na tanki yake, miye mugongo yake njo muto yangu. Sikutapika. Nilimuimbia nyimbo ya kanisa mu sikio mpaka péage, pale banalipisha njia, na hakusema kitu, juu nilikuwa nimemuonya.

Ku Likasi, Yaya Léonie alikuwa pa kiti mbele ya mulango. Alisikia moteur, akaona kichwa kubwa ya mviringo inashuka na pantalon, akazani ni polisi.

Akapaza sauti: "Chef, batoto ya hapa balienda kanisa! Rudia kesho!"

Nikatoa kaske, ile kofia nguvu ya pikipiki. Nikapiga magoti mbele yake. Akanikamata uso na mikono mbili, akanivuta mpaka pua yangu ikagusa yake. Akageuza kichwa yangu upande ya jua. Akaangalia paji. Akaangalia macho, moja, na ingine. Akaangalia kidevu. Muda murefu.

"Hortense," akasema. "Unazeeka mubaya."

Bakubwa, ile furaha sijaiona tena! Macho ilikuwa ingali inafanya kazi.

Somo yangu ni hii. Usinunue pikipiki ya safari ukiipima peke yako. Peleka mwenye utamubeba, apande, mutembee, mufunge freni. Na kama kati yenu kuko neno, muimalize pa meza mbele ya kuenda kuona muuzishaji. Hakuna muntu alitengenezaka siti murefu ya kutosha.

Andikeni yenu, nitasoma yote. Na mwenye anajua anijibu: kaske gani inaingiaka juu ya kitambaa ya kichwa bila kuifinya? Yangu inanifanya kama uyoga. Kucheka munaweza, lakini na adabu. Célestin naye anasoma humu.