Fideli na Kipaza Sauti cha Runazi

Tarehe 8 Juni 2024, Fideli Bizimana alitimiza miaka kumi akitafsiri filamu papo hapo kwa kipaza sauti katika kibanda cha video cha kijiji cha Runazi. Siku hiyo ilionyeshwa filamu ya Kitamil ya ngumi, kuhusu matajiri wanaowauzia wakulima mbegu feki. Sauti ilipomkauka katikati, mkulima Koleta, mmoja wa watazamaji, alikishika kipaza sauti na kuendelea kwa maneno yake mwenyewe. Mahindi yake mwenyewe yalikuwa yamekataa kuota msimu uliopita. Steringi, shujaa wa filamu, alipomkaba tajiri, Koleta alifoka kwa uchungu wa kweli, na ukumbi mzima ukasimama.

"Kaka Fideli, pumzika tu! Mwache dada aseme!" watazamaji walipaza sauti.

Wivu ulimchoma Fideli. Kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili yake.

Hata hivyo alikubali kumwachia kipaza sauti: Jumamosi ijayo Koleta atatafsiri, naye Fideli atawakatia watu tiketi mlangoni.