Chuma Kisicho na Jina

Nthoki alikuwa mpishi katika yadi moja ya mitambo mikuukuu huko Tassia. Aliyemwona akipakua githeri ya mahindi na maharagwe pale langoni asingedhani kwamba, mafundi wakishindwa kutambua chuma, yeye ndiye waliyekuwa wakimngojea aseme neno.

Mwenye yadi alikuwa akileta kutoka ng'ambo vifaa vya kufungwa kwenye mkono wa eskaveta. Ndoo za kuchimbia kila mtu alizijua, lakini hapakukosa kontena lililokuja na kioja chake, bila karatasi wala maelezo. Saa saba mchana, sahani mkononi, mafundi walikizunguka hicho kioja na kubishana. Nthoki hakushughulika na umbo. Alitazama palipochakaa.

"Chuma ni kama mwiko," alizoea kuwaambia. "Tazama upande ulioisha, utajua ulikuwa unakoroga nini."

Ndivyo alivyolitambua lile jino moja refu, lililopinda kama pembe ya kifaru. Ncha yake ilikuwa imelika na mgongo ungali mzima. Akasema ni la kupasulia mwamba kabla ya ndoo kuingia, na kweli likawa hilo.

Mwezi wa tatu ikaletwa sahani ya chuma pana kama mlango, yenye mpira mnene ukingoni. Mmoja alisema ni ya kulainishia lami. Amolo, fundi mkuu, mtu wa maneno machache kutoka Ugenya, alidhani ni ya kushindilia udongo. Nthoki akatua sufuria, akainama, akapitisha kiganja chini yake.

"Ya kushindilia ingekwaruzika tumboni, fundi. Hii tumbo lake ni safi. Kilichochakaa ni mpira, na hapa katikati pana tundu. Hii haipigi. Inafyonza."

Mafundi wakaangua kicheko. "Mama Mwelu, leo umetupigia chuku!"

"Chuku hasa!" akajibu, naye akicheka. "Nyanyangu kule Mwala alikuwa akiumika watu kwa chuku, pembe ya ng'ombe. Anaibandika mgongoni, anafyonza hewa, na pembe inashika ngozi mpaka inaumuka. Hiki chuma kinashika vitu vizito namna hiyo hiyo, bila mnyororo."

Amolo hakucheka. Siku mbili nzima alihangaika na mabomba ya mpira ya kupitishia mafuta ya mashine, akaifunga sahani kwenye eskaveta, akaishusha juu ya slabu ya konkriti iliyolala uani. Slabu ikainuka kama chapati kwenye kikaango. Amolo akazima injini, akashuka, akampa Nthoki mkono mbele ya watu wote.

Wiki tatu baadaye, mvua ya Aprili ikiwa imepamba moto, simu ya Nthoki ililia akiwa anachambua maharagwe. Alikuwa Sylvance, aliyefanya kazi na Kimeu, mume wa Nthoki, katika kundi la kukarabati mitaro.

"Shemeji, njoo hapa mtaa wa Fedha. Slabu imemfunika Kimeu ndani ya shimo. Yuko hai, tunamsikia. Lakini maji yanapanda."

"Mnaiinua na nini?"

"Mitaimbo. Tukiinua upande huu, ule mwingine unabomoka. Itamwangukia. Na vitanzi vyake vya chuma vya kuiinulia vilishaoza, hakuna pa kufunga mnyororo."

Nthoki hakulia. Alikimbia hadi kwa Amolo na kumwambia yote kwa pumzi moja. Sahani ilikuwa ingali imefungwa kwenye eskaveta. Amolo aliruka kitini, eskaveta ikatoka langoni, na Nthoki akatangulia mbele yake kwa miguu, akipunga leso magari yapishe.

Walipofika, watu walikuwa wamejaa ukingoni. Nthoki akapiga magoti matopeni, akaita, "Baba Mwelu!"

"Niko!" sauti ikatoka chini. "Mguu umebanwa. Maji yamefika kifuani."

Amolo alianza kushusha sahani, lakini Nthoki akainua mkono. "Ngoja! Nyanya hakubandika pembe penye uchafu. Haishiki." Akaikunja ile leso na kuisugulia slabu, akitoa tope na kokoto, na Sylvance akamwagia maji nyuma yake mpaka konkriti ikang'aa. Ndipo akampungia Amolo ashushe.

Mpira ukalala, mashine ikavuta pumzi. Slabu ikatikisika, kisha ikapanda wima, taratibu, bila kugusa ukingo uliobomoka. Amolo alipoisogeza kando, Sylvance na wenzake waliruka ndani. Kimeu alitolewa akitetemeka, mguu umevunjika chini ya goti, macho yakimtafuta mkewe. Hapo ndipo Nthoki alipolia.

Mfupa ulichukua miezi minne kuunga. Kanisani, Jumapili ya shukrani, Nthoki alisimama na kumshukuru Mungu. Akamshukuru Amolo aliyesikiliza maneno ya mpishi, na nyanyake aliyekwisha kufariki, na hata wale watu wa ng'ambo asiowajua, waliokitunza chombo kile vizuri kabla ya kukiuza. Mwenye yadi naye alimpa kazi mpya, ya kupokea makontena. Sasa anazunguka na kopo la rangi, akiandika juu ya kila chuma kazi yake.

Kimeu alipoweza kutembea kwa mkongojo, aliomba apelekwe yadini. Akaiendea ile sahani, akaupapasa mpira wake kwa muda mrefu.

"Asante," akaiambia.

"Mzee, hicho ni chuma," Amolo akasema. "Hakisikii."

"Najua," Kimeu akajibu. "Wewe nimeshakushukuru. Niache nikishukuru na hiki."

Nthoki akavuta benchi, akamketisha mumewe pale kivulini, akaenda kuwapakulia wote wawili chakula.